Ettore Bugatti: Fundi aliyeunda magari kama vito, akampoteza mrithi wake barabarani

NA MWANDISHI WETU

WAPO waunda magari waliovuma kwa wingi wa magari waliyouza, na wapo waliovuma kwa mali waliyoiacha. Ettore Bugatti hakuwa miongoni mwa hao wala hawa.

Kiwanda chake kiliunda magari takriban 8,000 pekee katika uhai wake wote. Hiyo ni idadi ambayo kampuni ya Ford ya Marekani iliweza kuipita kwa siku moja tu mnamo 1925.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake, magari hayo machache yangali yanashindaniwa na matajiri kwa mamilioni ya dola, na wajuzi wa uhandisi wangali wanayasimamia kwa mshangao kama watazamavyo michoro ya wasanii wakuu.

Bugatti alizaliwa Septemba 15, 1881 jijini Milan, Italia, katika nyumba ya wasanii. Babake, Carlo Bugatti, alikuwa mbunifu mashuhuri wa samani na mapambo. Nduguye mdogo, Rembrandt, alikuja kuwa mchongaji hodari wa sanamu za wanyama.

Katika aila kama hiyo, ilitarajiwa kuwa Ettore naye angeshika brashi au patasi. Badala yake alivutiwa na vyuma. Akiwa na umri wa miaka 17 hivi, aliingia katika karakana ya Prinetti & Stucchi mjini humo kujifunza kazi, na haukupita muda akaanza kubuni vyombo vyake mwenyewe.

Mnamo 1901, gari alilolibuni kwa ufadhili wa ndugu wawili wa ukoo wa Gulinelli lilionyeshwa Milan na kusifiwa. Sifa hizo zilimfikia Baron de Dietrich, mwenye viwanda katika jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Ujerumani. Kijana huyo aliajiriwa mwaka uliofuata, akiwa bado hajatimiza umri wa kutia saini mkataba, ikambidi babake amtilie.

Miaka iliyofuata alifanya kazi kwa waajiri kadhaa, wa mwisho wao akiwa kampuni ya Deutz ya Cologne. Huko, katika chumba cha chini cha nyumba yake, aliunda gari dogo jepesi kwa fedha na wakati wake mwenyewe. Gari hilo ndilo lililompa ujasiri wa kujitegemea.

Mwisho wa 1909, Bugatti alikodi jengo lililokuwa kiwanda cha kutia nguo rangi karibu na mji wa Molsheim, Alsace, akaanzisha kampuni yake.

Wakati huo, aliyetaka kasi aliongeza ukubwa wa injini. Bugatti alifuata njia nyingine. Aliamini kwamba gari jepesi, lililoundwa kwa usahihi na kutulia barabarani, lingeyaaibisha majitu.

Mwaka 1911, kwenye mashindano yaliyofanyika Le Mans, Ufaransa, kigari chake chenye injini isiyofika lita 1.5 kilimaliza cha pili, nyuma ya gari la Fiat lenye injini ya yapata lita 10. Waliokuwa wakikicheka walinyamaza.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha na Alsace kurudi mikononi mwa Ufaransa, Bugatti alirejea Molsheim akitokea Paris, alikokuwa akibuni injini za ndege. Mnamo 1921, magari yake yalitwaa nafasi nne za kwanza katika mashindano ya Brescia, Italia.

Kilele cha kazi yake kilifika Agosti 1924, alipopeleka mjini Lyon gari aliloliita Type 35.

Gari hilo lilikuwa na silinda nane zilizopangwa kwa mstari mmoja, na injini ya lita 2. Ekseli yake ya mbele ilikuwa na uwazi ndani ili kupunguza uzito. Magurudumu yake yalimiminwa kwa alumini, pamoja na ngoma za breki, hivi kwamba fundi alipoondoa gurudumu aliiona breki yote na kuikagua papo hapo. Uzito wake wote ulikuwa kama kilo 750.

Siku hiyo ya kwanza halikufua dafu, kwani matairi yake yalichanika. Lakini kasoro hiyo iliporekebishwa, mashindano ya langalanga yakawa kama mali ya Molsheim. Magari ya Bugatti yalishinda mbio ngumu za Targa Florio katika milima ya Sicily mara tano mfululizo, tangu 1925 hadi 1929. Mwaka huo wa 1929, William Grover-Williams alishinda mashindano ya kwanza kabisa ya Monaco akiendesha Bugatti.

Lililowashangaza wengi si ushindi pekee, bali kwamba mteja yeyote mwenye fedha aliweza kununua gari la aina hiyo hiyo, akaenda nalo mashindanoni Jumapili, kisha akarudi nalo nyumbani.

Bugatti aliishi Molsheim kama mwinyi wa zamani. Alifuga farasi wa nasaba bora, akawakaribisha wateja katika nyumba ya wageni aliyoijenga karibu na kiwanda, na umbo la radieta za magari yake likafanana na kiatu cha farasi. Injini zake zilikwanguliwa kwa mkono hadi kuta zake zikanyooka na kung'aa kama fedha. Kwake yeye, kitu kisichopendeza machoni hakikuwa kimekamilika.

Lakini jicho hilo lilikuja pamoja na ukaidi. Wenzake walipoanza kutumia breki za shinikizo la mafuta, yeye alishikilia breki za waya. Walipobadili injini zao, yeye aliridhika na zake.

Ukaidi huo ulionekana zaidi katika gari la Royale, alilolikusudia kwa wafalme. Injini yake ilikuwa na ukubwa wa lita 12.7 na nguvu za farasi zipatazo 300. Juu ya radieta alisimamisha sanamu ya tembo iliyotokana na kazi ya nduguye Rembrandt, ambaye alijitoa uhai mwaka 1916.

Gari hilo lilipokuwa tayari kuuzwa, uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka. Yaliundwa sita tu, na matatu pekee ndiyo yaliyopata wanunuzi wakati huo. Hakuna mfalme aliyenunua hata moja. Kilichookoa kiwanda ni kuzitia injini hizo katika behewa za reli kuanzia 1933, na moja yazo ikavuka kasi ya kilomita 190 kwa saa.

Hapo ndipo anapoingia Jean, mwanawe wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa Januari 1909. Ikiwa baba alikuwa na jicho, basi mwana alikuwa na jicho na sikio pia.

Mnamo 1929, Mmarekani Leon Duray alifika Monza, Italia, na magari mawili ya Miller yaliyokuwa na injini za aina nyingine. Magari hayo yalichukuliwa Molsheim kwa kubadilishana na matatu ya Bugatti. Baada ya kuyachunguza, kiwanda kilianza kuweka mihimili miwili juu ya injini, mmoja wa kufungua vali za kuingizia na mwingine za kutolea moshi, ili injini ipumue vyema. Gari la Type 51 lililotokana na hatua hiyo lilishinda mashindano ya Ufaransa ya 1931, yaliyodumu saa 10.

Kisha mwaka 1934 ikaja Type 57, kazi ya Jean hasa. Hilo lilikuwa gari la safari ndefu, lenye injini ya lita 3.3, lililoweza kumvusha mwenyewe nchi nzima kwa starehe na kasi. Yaliundwa yapata 700, na aina yake iitwayo Atlantic, yenye mshono wa ribiti uliopita mgongoni kama pezi la samaki, huhesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa magari mazuri zaidi kuwahi kuundwa. Atlantic zilikuwa nne tu. Hatimaye, mnamo 1938, hata breki za shinikizo la mafuta zilikubaliwa.

Mwaka 1936, mgomo uliotikisa Ufaransa ulifika Molsheim na wafanyakazi wakakikalia kiwanda. Bugatti, aliyejiona kama baba yao, alivunjika moyo. Alihamia Paris na kumwachia Jean, kijana wa miaka 27, usukani.

Jean hakumwangusha. Bugatti ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mnamo 1937, ikashinda tena Juni 1939 kwa kukimbia zaidi ya kilomita 3,300.

Ajali haina kinga. Usiku wa Agosti 11, 1939, Jean alilijaribu gari lile lile la ushindi kwenye barabara iliyofungwa karibu na Molsheim. Mwendesha baiskeli akajitokeza mbele yake. Katika kumkwepa, Jean aligonga mti na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Majuma matatu baadaye vita vilizuka tena. Wajerumani walimlazimisha Bugatti kuwauzia kiwanda. Vita vilipokwisha, serikali ya Ufaransa ilikitaifisha kama mali ya adui, kwa kuwa mwenyewe alikuwa Mwitaliano, ingawa alikuwa ameishi na kuiletea nchi hiyo fahari kwa miongo mingi. Alipata uraia wa Ufaransa mnamo 1946, na mwaka uliofuata mahakama ikaamua arudishiwe kiwanda. Uamuzi huo ulimkuta mgonjwa. Alifariki Agosti 21, 1947, na kuzikwa Dorlisheim, karibu na Molsheim.

Kampuni ilijikongoja hadi ikauzwa mwaka 1963. Baba aliacha michoro, mashine na jina, lakini hakuacha mtu wa kumwambia, kwa upole wa mwana, kwamba zama zimebadilika.

Jina hilo lilifufuliwa baadaye na wengine, na tangu 2005 magari yenye kasi ya kutisha yamekuwa yakiunganishwa tena Molsheim. La kwanza lao liliitwa Veyron, kwa heshima ya Pierre Veyron, mmoja wa madereva wawili walioshinda Le Mans mwaka 1939, katika gari lile ambalo wiki chache baadaye lilimuua Jean Bugatti.