Carter Woodson, mchimba makaa aliyefikia doktora ya historia

Wanafunzi wenzetu, mara nyingi tunasikia ile swali: historia inasaidia nini? Anayesoma dawa anaponya watu, anayesoma ufundi anatengeneza mashini, lakini huyu wa historia atafanya kazi gani? Tumeona vema kuwaelezea maisha ya mtu mmoja, kisha kila mmoja ajijibu mwenyewe.

Carter Woodson alizaliwa tarehe 19 Desemba 1875 huko New Canton, katika Virginia, Marekani. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Sasa walikuwa huru, lakini maskini kabisa, na mtoto alisoma kidogo kidogo tu juu ya kazi ya shamba. Alipokuwa kijana akaenda West Virginia kuchimba makaa ya mawe. Huko alikuwako mzee mmoja, Oliver Jones, aliyepigana vita vya 1861-1865. Mzee hakujua kusoma, lakini alikuwa na vitabu na magazeti nyumbani, na wachimbaji walikusanyika kwake. Woodson ndiye aliwasomea. Nao wakamwelezea yale waliyoyaona kwa macho yao. Kumbe lile lilikuwa darasa lake la kwanza la historia!

Alikuwa na miaka 20 alipoingia sekondari pale Huntington. Wengine wangeona haya kukaa pamoja na wadogo, yeye hapana. Alimaliza upesi, akafundisha, akaongoza shule ile ile, akafundisha pia Ufilipino. Mwaka 1908 alipata digrii Chicago, na 1912 doktora ya Harvard. Kati ya watu weusi wa Marekani alikuwa wa pili kuipata kule, nyuma ya W.E.B. Du Bois wa 1895.

Je, masomo marefu namna hii yanampa mtu nini? Si kukariri tarehe. Yanamfundisha kutafuta karatasi za zamani: barua, sheria, vitabu vya hesabu ya watu. Yanamfundisha kuuliza kila karatasi: nani aliandika, lini, kwa faida ya nani, aliona mwenyewe ao alisikia tu? Tena kulinganisha mashahidi, na kuandika kwa namna ambayo mwingine anaweza kurudi nyuma na kukagua.

Wakati ule wenye elimu wengi walisema kwamba watu weusi hawana historia. Woodson hakuwajibu kwa makelele. Mwaka 1915 alianzisha huko Chicago chama cha kuchunguza historia yao, na 1916 gazeti lake, na huku akifundisha shuleni Washington.

Sikieni sasa lililo gumu. Mwaka 1924 alitoa kitabu chenye majina ya watu weusi huru waliokuwa na watumwa mwaka 1830, jina kwa jina, kutoka hesabu ya serikali. Ni aibu, sivyo? Angeweza kuficha. Hakuficha. Lakini hakuishia kwenye majina. Aliuliza pia sababu. Akaeleza kwamba wengi walinunua bibi, bwana ao mtoto wao wenyewe, na sheria iliwazuia kuwapa uhuru bila kuwafukuza katika jimbo. Wengine lakini walitafuta mali tu, sawa na wazungu. Vyote viwili akaviandika. Hapo tunaona mtu wa historia wa kweli: hachagui ukweli unaopendeza watu wake.

Mwaka 1926 alianzisha juma la historia ya watu weusi katika mwezi wa Februari. Tangu 1976 imekuwa mwezi mzima. Alikufa Washington tarehe 3 Aprili 1950.

Wenzetu, si wote tutafika doktora. Lakini kazi ya Woodson ilianza kwa wazee waliochoka na kazi, pamoja na kijana mwenye kusikiliza. Wakati wa vakansi, twende tukae karibu na babu na nyanya zetu. Tuulize, tuandike jina, mahali na mwaka, kisha tumwulize na mzee wa pili. Wakiisha kulala, hakuna universite itakayotusaidia kuwauliza.