Lloyd Mathews (1850–1901): Mkufunzi wa Jeshi la Sultani wa Zanzibar

Mtahiniwa, jina la Lloyd Mathews usilikariri tu. Maisha yake yatakusaidia kueleza jinsi dola inavyoweza kupoteza uhuru wake kupitia jeshi lake yenyewe.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira. Alijiunga na jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863, akapigana na Waasante katika Ghana ya leo mwaka 1873 hadi 1874. Baadaye aliletwa Zanzibar na meli ya London, iliyosaka majahazi yaliyobeba watumwa.

Mwaka 1877 Sultani Barghash alihitaji jeshi la kisasa. Alitaka kulinda mamlaka yake bara na kutekeleza mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Uingereza ikamwazima Mathews. Yeye aliandikisha Waafrika, akawavisha sare, akawafundisha gwaride na kulenga shabaha. Uingereza ilitoa bunduki. Mwaka 1881 aliacha jeshi la majini akawa Brigedia Jenerali wa Sultani. Mwaka 1885 Barghash alimtuma Kilimanjaro ili machifu wa huko wamtambue Sultani badala ya Wajerumani.

Hadi hapo mkufunzi alikuwa akimtumikia Sultani. Mambo yalibadilika mwaka 1890, Uingereza ilipoitangaza Zanzibar kuwa nchi lindwa. Mwaka 1891 Mathews alifanywa Waziri wa Kwanza wa Zanzibar, na Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid, mtoto wa Barghash, akatwaa kasri bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza zililipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Askari wa Zanzibar wapatao 900, kutoka jeshi lile lile, walisimama upande wa Waingereza. Khalid akakimbilia kwa konseli wa Ujerumani. Jeshi lililoanzishwa na baba likawa kinyume cha mwana.

Mathews alifariki Zanzibar Oktoba 1901 na kuzikwa huko.

Kumbuka unapojibu swali:

1. Usimwandike kuwa mwema tu au mbaya tu. Alipambana na biashara ya watumwa, na akiwa Waziri hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Wakati huo huo aliimarisha utawala wa Waingereza.

2. Barghash hakukosea kutaka jeshi bora. Udhaifu ulikuwa kwamba ofisa aliyelifundisha, bunduki na amri vyote vilitegemea taifa moja la nje.

3. Taja miaka 1877, 1890, 1891 na 1896 kwa mfuatano, kisha eleza kila hatua ilivyoandaa iliyofuata. Orodha ya tarehe bila maelezo haitakupa alama za kutosha.