AGNER ERLANG, BINGWA WA FOLENI

Muhula uliopita programu yetu ya chakula cha mchana ilinipa namba moja na mwenzangu. Yeye aliwahi sahani, mimi nikashinda njaa. Kumbe kompyuta mbili zilisoma namba ileile kabla hata moja haijaiandika! Nikitafuta dawa, nikakutana na Agner Krarup Erlang.

Huyu bwana alizaliwa Denmaki tarehe 1 Januari 1878, baba yake akiwa mwalimu. Naye alifundisha, kisha mwaka 1908 akaajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Huko watu wengi waling'ang'ania laini chache, kama sisi stejini Kitale tunavyogombania matatu za Bungoma shule zikifungwa. Mwaka 1909 alichapisha hesabu zake za kwanza, na mwaka 1917 akaonyesha jinsi ya kujua laini ngapi zinatosha. Hakuoa. Alifariki mwaka 1929 akiwa na miaka 51.

Mwaka 1986, wahandisi wa Ericsson kule Uswidi walianza kuunda lugha ya kompyuta iliyopewa jina la Erlang. Humo kila kazi hupokea ujumbe kwa foleni yake, wala haigusi daftari la nyingine.

Nasi tuliiga: maombi yote foleni moja, mtoa namba mmoja. Sasa jameni, nakula!