Allison na Siri ya Selimundu

Waliosoma baiolojia wamekutana na Anthony Allison kwenye notsi, mstari mmoja tu, wakajibia mtihani, basi. Sisi wa Kitahana, ambako homa ya mtoto inalaza familia macho kila masika na degedege bado wapo wanaoipeleka kwa mganga kwanza, tulistahili kumjua zaidi ya hapo.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, lakini akakulia Kenya, kwenye shamba la familia karibu na Gilgil. Malaria aliijua mwilini mwake tangu utoto. Akasomea udaktari Oxford.

Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi kama mimi na wewe, alijiunga na safari ya chuo chake kwenda Mlima Kenya. Yeye kazi yake ikawa kupima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, hata mmoja hafiki. Sasa jiulize: jeni inayoua watoto, mbona haiishi? Allison aliona kwamba inapojaa ndipo malaria ilipojaa.

Alimaliza kwanza digrii, akarudi 1953. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, 113. Halafu akafanya jambo la kushtua: wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wenye jeni waliugua wawili. Kati ya 15 wengine, 14. Jina la Allison limo vitabuni. La hao 30 silioni popote, na mimi hilo linaniuma.

Huku kwetu Tanganyika alifika Musoma. Watoto wachanga 287, wenye jeni moja walikuwa 89, yaani kama 31 kwa 100. Watu wazima 654, wakawa 249, kama 38 kwa 100. Maana yake wasio na jeni hiyo walikuwa wanapukutika njiani kabla hawajakua. Na wale waliorithi jeni mbili, mtoto 9 kati ya 287, ukubwani walibaki 5 kati ya 654.

Hapa ndipo watu wanapochanganya, hata walimu. Anayekingwa ni mwenye jeni moja, ya baba au ya mama, na hata yeye anaweza kuugua, ila malaria kali humpata kwa nadra. Aliyepata zote mbili ndiye mgonjwa wa selimundu, na huyo malaria humuua upesi kuliko mwenzake. Kumwambia mama wa mtoto huyo kwamba mwanawe ana kinga, asihangaike na chandarua, ni kumzika mtoto.

Wasomi wengi walimbishia Allison mwanzoni, ushahidi ukawashinda. Baadaye alihamia Marekani, na huko yeye na mkewe Elsie Eugui wakatengeneza dawa inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Alifariki California, Februari 2014.