Krapf: Kaburi Lililoitangulia Kamusi

Katika taaluma ya Kiswahili, jina la Johann Ludwig Krapf aghalabu hutajwa pamoja na sarufi ya 1850 na kamusi ya 1882. Ni nadra kutajwa kwamba kazi hizo zilikua katika nyumba iliyofikwa na msiba, na kwamba imani ndiyo iliyomrejesha mwandishi wake mezani.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Alijiunga na Church Missionary Society ya Uingereza, akatumwa Ethiopia mwaka 1837. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, Misri. Wakati huo njia ya kurudi Shoa, alikokuwa akihudumu, ilikuwa imefungwa. Katika hangaiko la kutafuta njia nyingine, mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini, jangwani, kabla ya wakati wake, akafariki. Walimpa jina la Kihabeshi lenye maana ya chozi.

Januari 1844 walifika Zanzibar. Sultani Sayyid Said aliwapokea vyema, na mwezi Mei wakafanya makao Mombasa. Juni, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji. Kazi ilikuwa bado changa homa ilipobisha hodi. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua binti. Mume na mke walikuwa wagonjwa chini ya dari moja, naye Krapf hakuwa na nguvu za kumuuguza mkewe. Rosine alifariki tarehe 13 Julai. Mtoto naye hakukaa. Siku chache baadaye alimfuata mamaye.

Hata alipokuwa akikata roho, Rosine aliwaombea watu wa Afrika Mashariki na Sultani wao. Alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Hapana shaka Krapf alilia. Hata hivyo, alipoiandikia jumuiya yake London, hakuomba kurudishwa kwao. Alilitaja kaburi lile kuwa dalili kwamba kazi ya Injili imekwisha kuanza katika pwani hii. Shukrani ya Krapf haikuwa ya kuufurahia msiba wala ya kuficha machozi. Ilikuwa ni kukataa kuamini kwamba alichopewa kilikwisha siku alipopokonywa aliowapenda.

Imani hiyo ilijaribiwa tena na tena. Mwaka 1846 Krapf na Johannes Rebmann walikwenda kuanzisha kituo cha Rabai wakiwa wangali na homa. Mwaka 1849 mwenzao mpya, Johannes Wagner, alifariki muda mfupi baada ya kuwasili. Mwaka 1851, huko Ukambani, msafara wake ulishambuliwa, mwenyeji wake Kivoi akauawa, na Krapf akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu kabla ya kunusurika. Waliobatizwa katika miaka hiyo walikuwa wachache mno. Anayepima kwa hesabu ya waumini angesema kwamba alishindwa.

Lakini wakati wote huo alikuwa akikusanya maneno kutoka vinywani mwa wenyeji, waliokuwa walimu wake. Sarufi ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Maradhi yalimlazimu kuondoka mwaka 1853, na mwaka uliofuata miswada ya tenzi aliyoikusanya pwani ikahifadhiwa Halle, hazina ambayo watafiti wa fasihi yetu wameinufaikia hadi leo.

Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika sala. Kamusi yake ilitoka mwaka uliofuata, naye hakuiona. Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki faraja. Kwa Krapf, faraja hiyo haikuja kwa kurudishiwa mke na watoto. Ilikuja kwa kuendelea na kazi aliyoiona kuwa amana ya Mungu. Mwanafunzi anayefungua kamusi yake leo, awe wa dini yoyote, anapokea sehemu ya shukrani hiyo.