Terzaghi, bingwa wa udongo aliyeutetea mfinyanzi wa Sasumua

KILA ukuta wa bwawa la taka za migodi unapoporomoka, kama ule wa Brumadinho nchini Brazil ambapo watu 270 waliangamia Januari 25, 2019, wachunguzi hurejelea kanuni ya mhandisi aliyeaga dunia zaidi ya nusu karne kabla ya mkasa huo. Jina lake ni Karl Terzaghi.

Alizaliwa Oktoba 2, 1883 mjini Prague, babake akiwa afisa wa jeshi la Austria. Alisomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye jiolojia.

Ufumbuzi aliupata Istanbul, alikofundisha kuanzia 1916 hadi 1925. Kwa vifaa alivyojiundia, alibaini kuwa udongo uliolowa hubeba mzigo kwa njia mbili: chembe zinazogandamizana, na maji yaliyojibana baina yake. Maji hayawezi kuzuia mteremko kuteleza. Chembe ndizo zenye mshiko. Shinikizo la maji likipanda, mshiko hupungua, na ukuta uliosimama miaka mingi waweza kuanguka hata siku ya jua kali. Ndiyo sababu mkaguzi makini wa bwawa la taka, kabla ya kupima mwinuko wa ukuta, huuliza maji yaliyo ndani yamefika wapi.

Kitabu chake cha 1925 kiliasisi taaluma ya mekanika ya udongo. Baadaye alifundisha Marekani na Vienna, kisha Harvard.

Wakenya wana sababu yao ya kumkumbuka. Katika miaka ya 1950, bwawa la Sasumua, Kinangop, lilipokuwa likijengwa, mfinyanzi wa huko uliwatia wahandisi wasiwasi. Ulikuwa na maji mengi na haukushindilika kufikia uzito uliozoeleka. Kwa kufuata vitabu tu, ungekataliwa. Terzaghi aliuchunguza akaona kwamba madini ya halloisaiti yalikuwa yamezishikanisha chembe kuwa vibonge vigumu. Udongo ulikuwa imara na haukupitisha maji kwa urahisi. Aliyaeleza hayo katika makala ya 1958, ambayo wanafunzi wa uhandisi wa humu nchini wangefaidika kuisoma.

Alifariki Oktoba 25, 1963 huko Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 80. Mnamo 1965 bwawa moja la Canada lilipewa jina lake. Lile la Sasumua lingali linawapa wakazi wa Nairobi maji.