Nani Alimpeleka Nani? Maisha ya Sidi Mubarak Bombay

Ukipanda treni ya SGR Dar kuja Morogoro, hujamaliza hata soda yako unasikia Ngerengere inatangazwa. Safari nzima haifiki saa 2. Mwaka 1871 msafara mmoja ulitoka Bagamoyo kuelekea huku huku. Ulipita bonde la mto Ngerengere na kufika mji wa Simbamwene, ambao leo ndiyo Morogoro, baada ya siku 29. Ilikuwa masika. Punda walizama kwenye tope, watu waliugua homa, na wengine walitoroka usiku. Mzungu aliyeongoza msafara ule tunamjua sote, ni Henry Morton Stanley, maana tulikaririshwa tangu shule ya msingi. Mkuu wa askari wake je? Ukiuliza hapa chuoni, tisa kati ya kumi watakutolea macho tu.

Nimeamua kuandika habari zake baada ya ubishi tulioufanya vimbwetani, tukisubiri mhadhiri ambaye hakutokea. Hoja ilikuwa nani aliyegundua chanzo cha mto Nile. Mmoja wetu alisema Speke, na mwingine akasema hakuna aliyegundua, maana wenyeji walikuwepo. Wote wawili walikuwa na hoja, lakini katikati ya hoja hizo mbili kuna mtu mmoja tuliyemruka. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa miaka ya 1820 hivi katika nchi ya Wayao, kusini mwa Tanzania ya leo na jirani zake. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara ya watumwa walivamia kijiji chao. Kijana yule akateremshwa Kilwa pamoja na mateka wengine, akauzwa, na bwana aliyemnunua akampeleka India, upande wa Gujarat. Alikaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki, ndipo akaachwa huru. Jina alilopewa na mama yake halimo katika kumbukumbu zozote. Sidi ndilo jina ambalo Wahindi waliwaita watu weusi waliotoka Afrika. Mubarak ni jina la utumwani. Bombay ni mji. Angalia hapo ndugu msomaji: katika majina matatu, hata moja halikutoka kwao.

Akiwa mtu huru alirudi Zanzibar, akaajiriwa kuwa askari wa Sultani katika ngome ndogo upande wa Pangani. Huko ndiko Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walikomkuta mwaka 1857 wakijiandaa kuingia bara. Speke hakujua Kiswahili. Alijua Kihindi kidogo cha jeshini, na Bombay alikijua cha utumwani. Kwa hiyo lugha aliyoipata kwa kunyang'anywa utoto wake ndiyo iliyompa kazi.

Msafara ule ulipita kusini mashariki mwa milima ya Uluguru, ukapumzika Zungomero, kisha ukasonga mpaka Tabora na Ujiji. Mwaka 1858 Burton alibaki Tabora, na Speke akaenda kaskazini akiwa na Bombay na watu wachache. Mwezi Agosti walisimama mahali ambapo leo ni Mwanza, wakaliona ziwa. Kila kitu Speke alichoambiwa na wenyeji kuhusu ziwa lile kilipitia kwanza mdomoni mwa Bombay.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii na James Grant, na Bombay alikuwepo tena. Msafara ulianza na watu zaidi ya 200. Njiani wengi walitoroka, wengine waliugua na wengine walifariki. Walipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, mazungumzo yalikwenda kwa zamu: Speke alimwambia Bombay, Bombay akamwambia mkalimani mwingine kwa Kiswahili, na huyo ndiye aliyemfikishia Kabaka kwa Kiganda. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika mahali maji ya ziwa yanapomwagika kuwa mto, karibu na Jinja ya leo. Bombay alikuwa pale pale.

Usifikiri walikuwa marafiki wa kushikana mikono. Katika safari ile ile Speke alimpiga ngumi mbele ya wenzake. Miaka kadhaa baadaye Stanley alipokutana naye, aliona pengo la meno ya mbele na akaandika kwamba ni kazi ya ngumi ya Speke. Bombay alikasirika sana na kutaka kuacha kazi, kisha akarudi. Sisi tunaojua kumezea maneno ya mkubwa kwa sababu boom bado halijaingia, labda tunaweza kumwelewa kidogo.

Sasa nifike kwenye sehemu ya maisha yake ambayo hata wapenzi wa historia huiruka. Vitabu vingi humalizia hadithi Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, walikofika Februari 1863. Speke alikuwa amepata alichokitaka. Lakini Bombay na wenzake waliobaki, kama watu 20 hivi, wanawake wanne wakiwemo, walikuwa mbali sana na Zanzibar. Kurudi walikotoka kusingewezekana. Ilibidi wateremke na mto.

Walifika Khartoum mwishoni mwa Machi. Kutoka huko walikwenda kwa mashua mpaka Berber. Mbele yake Nile inajipinda upinde mkubwa wenye maporomoko mengi, kwa hiyo wasafiri wa zamani walikuwa wanauacha mto na kukata jangwa la Nubia kwa ngamia, toka Abu Hamed mpaka Korosko. Ni zaidi ya km 300 za mchanga na mawe meusi. Katikati pana visima vya Murrat tu, na maji yake ni machungu hata ngamia huyanywa kwa shida. Wenye njia ile walikuwa Waababda, wafugaji wa kuhamahama, na majirani zao Wabishari. Bila ngamia wao na bila kiongozi wao hupiti. Mkuu wa dola la Misri mwenyewe alilazimika kupatana nao.

Hebu fikiria picha hiyo. Watu wa pwani na wa bara yetu, waliozoea kupita msituni na kwenye mbuga zenye nyasi ndefu, sasa wako juu ya ngamia katika nchi isiyo na mti. Miaka yote Bombay ndiye aliyekuwa anaulizwa maji yako wapi na njia inapita wapi. Jangwani alikuwa mgeni kama Speke. Kule njia alikuwa nayo Mwababda, na wote wawili, mzungu na Mswahili, walimfuata nyuma.

Korosko waliukuta mto tena wakapanda mashua. Njia hiyo ya maji inapita mahekalu ya kale moja baada ya jingine, Philae karibu na Aswan, kisha Luxor na Karnak, yenye nguzo zilizosimamishwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wakafika Cairo. Huko walipigwa picha, wakapewa mishahara, na Bombay akawekwa kuwa mkuu wa kundi. Speke alipanda meli kwenda kwao, naye Bombay na wenzake wakapitia Suez na Aden. Meli iliyotakiwa kuwashusha Shelisheli iliwapitiliza mpaka Morisi. Wenyeji waliwachangia pesa na kuwapeleka kutazama sarakasi, kisha wakarudishwa Shelisheli na hatimaye Zanzibar. Mtu aliyetoka Kilwa akiwa mtumwa alikuwa sasa ameuona mto Nile tangu ziwani hadi Misri. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku nishani ya fedha.

Ndiyo maana Stanley alipofika Zanzibar mwaka 1871 alimtafuta yeye. Ndipo ukaja ule msafara wa siku 29 niliouanza nao. Simbamwene ulikuwa mji wa watu wapatao 3,000 au zaidi, wenye ukuta wa mawe na minara, uliojengwa na Kisabengo, Mzigua aliyekusanya watu waliotoroka utumwa, kisha ukatawaliwa na binti yake. Stanley naye alimpiga Bombay kwa fimbo njiani. Hata hivyo Ujiji walifika na Livingstone walimkuta.

Waliporudi mwaka 1872 walikuta mafuriko yameupitia mto Ngerengere. Vijiji vya bondeni vilikuwa vimezolewa na sehemu ya ukuta wa Simbamwene ilikuwa imebomoka. Bombay alikuwa ameyaona magofu ya Misri ambayo watu husafiri dunia nzima kuyatazama. Haya ya kwetu yalikuwa mabichi, na hakuna aliyekuja kuyatazama mpaka leo.

Mwaka uliofuata alipita bonde hilo hilo tena, sasa na Mwingereza Verney Lovett Cameron. Waliivuka Afrika nzima, wakatokea bahari ya Atlantiki huko Angola Novemba 1875. Sehemu ya mwisho ya safari hiyo ndiyo inayonisumbua. Cameron hakuwa na namna ya kupita peke yake, akafuatana na wafanyabiashara ambao walikuwa wanavamia vijiji na kuwafunga wanawake kamba. Bombay, aliyefungwa hivyo hivyo utotoni, alitembea katika njia moja na mateka wale. Alichokuwa anawaza hakikuandikwa, na mimi sitamwandikia.

Alirudi Zanzibar kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1876 chama kile cha London kilimpangia pensheni ya pauni 15 kwa mwaka. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1885. Mwaka huo huo mkutano wa Berlin ulimalizika, na meli za kivita za Ujerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar kumlazimisha Sultani akubali kuwa bara si lake tena. Njia alizozipita Bombay zilikuwa tayari zimechorwa kwenye ramani, na ramani zilikuwa mezani kwa wengine.

Hapo ndipo ubishi wetu wa vimbwetani ulipokuwa mkali. Mmoja alisema huyu ndiye aliyewafungulia wakoloni mlango, hastahili kukumbukwa. Nilimjibu hivi: mlango aliufungua, ni kweli, lakini tukimfuta tutabaki na hadithi ya wazungu watatu au wanne waliotembea bara zima peke yao, na hadithi hiyo ni ya uongo. Afadhali tumtaje pamoja na lawama zake kuliko tuendelee kukariri majina ya waliobebwa na kumsahau aliyewabeba.

Kwa hiyo Ijumaa ukiwa unarudi nyumbani, na treni ikipunguza mwendo kuingia Ngerengere, weka simu chini kidogo utazame bonde. Mtu mmoja alipita hapo mara tatu kwa miguu kati ya mwaka 1871 na 1873, akiwa na pengo mdomoni na majina matatu ya kuazima. Halafu endelea na safari yako. Saa hiyo utakuwa umebakiza safari ambayo yeye angeihesabu kwa wiki, na wewe hata chaji haitaisha.